Hewani Kila Jioni

Saa kumi na mbili na robo jioni, Jumanne, neno "hewani" lilitokea chini ya jina la mtoto wa Mzee Pindo. Mzee Pindo alikuwa amekaa mahali pake, mwisho wa benchi, mgongo kwenye mlango wa duka lake la ushonaji, simu mapajani, kikombe cha kahawa mkononi. Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Mwisho wa pili hukaa Hakimu, ambaye hajawahi kumhukumu mtu. Alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili mpaka akastaafu, na lugha ya mle ndani akatoka nayo. Katikati hukaa Antena, fundi redio, mtu wa kunasa kila kinachosemwa mtaani na kukirusha mbali kuliko kilikotoka. Mwenye kahawa ni Bi Birika. Yeye hakai, anazunguka na birika lake, anajibu asichoulizwa. Wengine huja, wakanywa, wakaenda. Hawa wanne ndio kijiwe.

— Tayari, alisema Mzee Pindo. Amepaa.

Antena akainama kutazama kioo.

— Saa ile ile.

— Kama jana na kama juzi, alisema Hakimu. Iingizwe kwenye kumbukumbu.

— Kumbukumbu imejaa, alisema Mzee Pindo.

Ilikuwa imejaa kweli. Simu ilimwambia hivyo asubuhi alipokuwa anavaa shati: kumbukumbu imejaa, unataka kufuta? Aliona haya, kama mtu aliyetajiwa na mgeni jambo la ndani ya nyumba yake. Akajibu hapana, kwa sauti, na chumbani hapakuwa na mtu.

Simu hiyo aliletewa na mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuja kumsalimia akamkuta anatumia ile ya zamani, iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Mzee Pindo aliipokea mpya kwa sharti moja: iseme Kiswahili. Hakutaka kitu kikae mfukoni mwake kikimsengenya kwa lugha ya watu. Mpwa alicheka, akaibadilisha, akamwekea namba ya mtoto, akamwonyesha pa kubofya, akaondoka. Tangu siku hiyo simu ikawa inasema Kiswahili, na Mzee Pindo akawa anaamini inachosema.

Ilipomwambia huenda ina kirusi, aliitenga na vyombo vya chakula. Ilipomtaka aziweke picha zake kwenye wingu, alikataa, maana mvua zilikuwa karibu. Na ilipomwuliza kama anakubali vidakuzi, alikubali, kwa kuwa neno lenyewe lilisikika kama kitu cha kutafuna.

— Vile vidakuzi vyako vilifika? aliuliza Bi Birika, akimwongezea kahawa.

— Bado.

— Ulikubali vyote au ulichagua?

— Vyote. Mtu anakukirimu, wewe unaanza kuchagua?

— Basi vimekwama njiani.

— Vidakuzi havisafirishwi, nyie, alisema Antena. Hivyo vinatoka kwako. Ukiingia kwenye tovuti ya watu wanakumega kidogo, wanaweka. Siku ukirudi wanalinganisha, wanasema, ahaa, huyu ni yule wa juzi.

— Wananimega wapi?

— Pasipouma.

— Ndiyo maana umekonda, Bi Birika alisema.

Mzee Pindo alicheka pamoja nao, jicho likiwa kwenye kioo. Neno lilikuwa bado lipo.

Mtoto alikuwa mmoja tu. Alikwenda mbali kutafuta kazi, akaipata, kwenye ghala, kupakia na kupakua mizigo. Alikuwa anapiga simu kila Jumamosi. Mwanzoni mazungumzo yalikuwa marefu, kisha yakaanza kufupika kama suruali inayofuliwa kwa maji ya moto. Hujambo baba, sijambo, kazi ipo, mtandao mbovu, haya baba. Jumamosi moja Mzee Pindo akamwambia: "Sikia. Maneno ya simu yamenitosha. Usinipigie tena. Ukinitaka, njoo nikuone." Hakuwa amekasirika. Alisema kama baba anavyosema, akingoja kubembelezwa. Mtoto hakubembeleza. Alisema, "Sawa, baba." Alikuwa msikivu tangu utoto. Hakupiga tena.

Kijiwe kizima kilijua habari hiyo. Mzee Pindo mwenyewe aliisimulia siku zile, tena kwa majivuno: mimi kwangu nikisema, nimesema.

Kwa hiyo jioni ya kwanza alipofungua simu mpya, akaona jina la mtoto na chini yake neno "hewani", hakumwuliza mtu. Mtoto aliambiwa aje, na sasa yuko hewani. Alifunga duka mapema, akatandika shuka safi kwenye kitanda cha pili, akapika cha watu wawili. Alikaa mpaka chakula kikapoa, akala chake, kile kingine akakifunika. Kesho yake neno likarudi, na keshokutwa. Hapo ndipo alipolileta benchini.

— Haya, alisema Hakimu, akikohoa. Tunaendelea pale tulipoishia. Mtu yuko hewani kila jioni, hatui, hafiki. Tusikie upande wa mlalamikaji.

— Mimi silalamiki.

— Ndiyo upande wako lakini.

— Mimi jana nilisema nikapuuzwa, alisema Antena. Huyo kijana hasafiri. Ameajiriwa humo humo ndani ya ndege. Zamu yake inaanza jioni, inaisha usiku. Anagawa vinywaji.

— Mtoto wangu? alisema Mzee Pindo. Yule hata maji ya kunawa alikuwa ananimwagia kwenye viatu.

— Basi anaendesha.

— Urubani unasomewa, bwana, alisema Hakimu.

— Miaka yote yuko kule, unafikiri analala tu? Anasoma. Mchana anabeba mizigo, asubuhi anasoma, jioni anarusha.

— Na usiku?

— Usiku anatua. Si unaona neno linaondoka kila ikifika usiku?

Hiyo ilikuwa na mantiki yake, na Hakimu hakupenda hoja ya mtu mwingine iwe na mantiki.

— Hapana. Hapa pana jambo la kisheria. Ndege ikifika mahali, karatasi zikawa na kasoro, inakataliwa kutua. Inarudi ilikotoka, na kule nako wanaikataa, maana ilishagongwa muhuri wa kutoka. Itafanyaje? Inazunguka. Haina kosa, haina haki. Wanaita kuwa hewani kisheria.

— Nani wanaita? aliuliza Bi Birika.

— Wenye sheria.

— Inazunguka inakula nini?

— Nani, ndege?

— Ndege, watu, wote.

— Inajazwa mafuta na ndege nyingine, huko huko juu. Vyakula vinapitishwa dirishani.

— Na anayelipa ni nani?

— Ndiyo kesi yenyewe hiyo!

— Halafu ni jioni tu, alisema Bi Birika. Mchana wanamficha wapi?

— Mchana huwezi kumwona, alisema Antena. Kwani nyota mchana zimekwenda wapi? Zipo. Jua ndilo linazidi nguvu. Na mtandao ni hivyo hivyo, mchana watu wengi wanazidi nguvu.

Mzee Pindo alikunywa. Kahawa ilikuwa chungu vizuri.

— Mpwa wangu alisema mambo yote ya simu siku hizi yanakaa kwenye wingu, alisema.

— Umeona sasa! Antena akapiga paja. Barua ziko kwenye wingu, picha ziko kwenye wingu, kijana yuko hewani. Ni majirani. Akitazama dirishani anaona picha za watu zinapita: huyu anaoa, yule amezaa.

— Zangu hazioni. Mimi nilikataa wingu.

Wote watatu wakamtazama.

— Ulikosea, mzee mwenzangu, alisema Hakimu. Angekuona.

Mzee Pindo hakuwa mjinga. Amekata vitambaa maisha yake yote. Nguo isiyokaa mwilini huijua kabla mteja hajageuka. Alijua kwamba mtu hapai kila jioni saa ile ile wiki baada ya wiki, na hadithi za Antena alizijua zilivyo na mifuko mingi isiyo na kitu. Lakini jambo hili likianza, jina la mtoto wake lilikuwa linatajwa na watu watatu mpaka giza linaingia. Nyumbani hapakuwa na wa kulitaja. Angeweza kumwuliza mpwa kwa simu maana ya neno lile. Hakumwuliza.

— Ushahidi upo, alisema Antena, ambaye alikuwa bado hajachoka. Simu zote za kioo zimetengenezwa na ndege ndani yake. Mimi nimefungua nyingi. Hebu vuta hapo juu, vuta chini, kama unashusha pazia.

Mzee Pindo akavuta. Vikatokea vimchoro vingi, na kimoja kilikuwa ndege. Hakimu aliinuka mahali pake, akavaa miwani, akasoma kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara.

— Hali ya ndege.

Wote wakainamia kioo.

— Hali ya ndege, akarudia. Mabwana, si ndiyo tunayoitafuta siku zote hizi? Hali yake. Kama ni nzima, kama ni mbovu, kama imezuiliwa.

— Bofya, itakwambia, alisema Antena.

— Usibofye, alisema Bi Birika.

Alisema upesi mno, na birika lilikuwa limesimama hewani juu ya kikombe bila kumimina.

— Kwa nini?

— Basi tu. Kitu hukijui, usikiguse.

— Pingamizi limekataliwa, alisema Hakimu. Huyu ni mzazi. Mzazi ana haki ya kuulizia hali.

Mzee Pindo akabofya. Kile kimchoro cha ndege kikawaka rangi. Alisubiri kidogo kama kuna maelezo, maelezo hayakuja, akarudi kwenye jina la mtoto. Chini ya jina hapakuwa na kitu.

Alitazama. Akakisogeza kioo mbali na macho, akakirudisha karibu.

— Limetoka, alisema.

— Limetoka nini?

— Neno. Hayupo hewani.

Antena ndiye aliyesimama wa kwanza.

— Ametua!

— Usiseme.

— Ametua, nakwambia! Umebofya hali ya ndege, wamepata taarifa kwamba baba mtu anaulizia, wamemshusha!

— Nilisema mimi, ilikuwa karatasi tu, alisema Hakimu. Mtu akiulizia, faili linatembea.

Kahawa ya Mzee Pindo ilikuwa imemwagika kwenye goti na hakuwa na habari. Alitazama saa ya ukutani dukani, akatazama barabara, akatazama tena saa.

— Kutoka uwanjani mpaka hapa ni kiasi gani?

— Bila mizigo, si mbali, alisema Antena.

— Atakuwa na mizigo.

— Na mizigo, basi kidogo zaidi.

— Kaa chini, Mzee Pindo, alisema Bi Birika. Kaa, mwenzangu. Nikuwekee nyingine.

— Nani anakaa? Sogeeni. Sogea huko, Hakimu. Akifika atakaa wapi?

Walisogea. Mzee Pindo akachukua kipande cha kitambaa kutoka mfukoni, akafuta ubao katikati ya benchi, akafuta tena, akapuliza vumbi la nyuzi. Ikawa nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyeigusa. Antena, ambaye hapo ndipo pake, alibaki amesimama.

Wakangoja. Kila mtu aliyekata kona akiwa na begi alitazamwa kuanzia viatuni mpaka usoni. Alipita mtu wa mabomba, akapita mwalimu na madaftari yake. Simu ilikuwa mkononi mwa Mzee Pindo, imezima kioo. Aliishika kama mtu aliyeshika mlango.

— Akija, nani amsalimie kwanza? aliuliza.

— Yeye ndiye mdogo, alisema Hakimu. Ataanza yeye.

— Ndiyo. Ataanza yeye.

Aliyekata kona safari hii alikuwa na begi la mgongoni, akitembea kama mtu aliyeshinda kwa miguu. Alikuja moja kwa moja mpaka benchini, akatua begi, akaketi kwenye ile nafasi iliyofutwa. Alikuwa mwanamke wa umri wa makamo, muuguzi kwenye zahanati ya mtaa wa pili, mgeni bado mtaani. Alikuwa amefuata sare yake iliyoletwa kuongezwa kiuno.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia, bila furaha.

— Dada, hapo pana mtu, alisema Hakimu.

— Yuko wapi?

— Njiani.

— Akifika nitampisha. Nimesimama tangu asubuhi. Mzee, ile sare iko tayari?

Mzee Pindo hakusikia. Antena ndiye aliyemweleza yule mgeni, kwa kifupi, yaani kwa kirefu: mtoto, ghala, ndege, karatasi, mafuta ya angani, na jinsi ametua sasa hivi. Muuguzi alisikiliza kama anavyosikiliza wagonjwa, bila kukatiza.

— Mmejuaje kama ametua?

— Simu imesema.

— Naweza kuiona?

Mzee Pindo alimpa. Kioo kilikuwa kimejifunga.

— Nywila? aliuliza muuguzi.

Watu watatu walimtajia kwa pamoja jina la mtoto.

Akaandika, ikafunguka. Akatazama juu ya kioo, kwenye kona.

— Jamani, simu hii mmeikata. Mmeiweka kwenye hali ya ndege. Ikiwa hivi haina mtandao, haipokei kitu na haitoi kitu. Hata mtu akikupigia sasa, mzee, hakupati.

Alivuta, akabofya mara moja. Simu ilikaa kimya kidogo, kisha ikatetemeka mkononi mwake. Kampuni ya simu ilikuwa imetuma tangazo. Akafungua jina la mtoto, akamrudishia Mzee Pindo. Chini ya jina kulikuwa na neno "hewani".

— Amepaa tena, alisema Hakimu, kwa sauti ya chini.

Muuguzi alicheka. Alipoona yuko peke yake katika kicheko hicho, akaacha.

— Mnasema kweli? Jamani, hewani hapo ni hewani ya mtandao. Maana yake kijana ameshika simu yake, ameifungua, yuko hapo hapo kwenye ukurasa wa ujumbe. Basi. Anaweza kuwa yuko kitandani. Anaweza kuwa chooni.

— Mwanangu?

— Mtu yeyote, mzee.

— Inategemea na aina ya simu, alisema Antena. Alitazama huku na huku apate wa kumuunga mkono, hakupata, akaanza kukagua kucha zake.

— Kwa hiyo hasafiri, alisema Mzee Pindo.

— Sijui. Hiyo haisemi kama anasafiri au hasafiri. Inasema simu iko mkononi.

— Kila jioni iko mkononi.

— Inaelekea.

Mzee Pindo alilaza simu juu ya goti lililolowa kahawa. Jambo la ndege, hata lilipokuwa gumu kuaminika, lilikuwa na mtu ndani yake anayekuja. Hili jipya lilikuwa na mtu aliyeketi mahali fulani, simu mkononi, jina la baba yake liko kidole kimoja tu kutoka alipo, na habofyi.

Aliinua macho akamtazama Bi Birika. Bi Birika alikuwa anasuuza vikombe ambavyo alishavisuuza. Hakuonekana kushangaa hata kidogo.

— Wewe ulijua.

— Nina mabinti wawili mbali. Neno hilo nalijua vizuri sana.

— Tangu lini ulijua?

— Tangu siku ya kwanza ulipolileta.

— Na hukusema.

— Ulikuwa unakunywa kahawa mpaka chini, Mzee Pindo. Kabla ya hapo ulikuwa unaiacha.

Hakimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Mzee Pindo aliingia dukani, akatoka na sare iliyokunjwa, akampa mwenyewe. Muuguzi aliikunjua, akakagua kiuno, akatikisa kichwa kuridhika, akaitia kwenye begi. Alikuwa ameshasimama aliposita. Ilionekana kuna kitu kilikuwa kinamsumbua tangu aishike ile simu.

— Mzee, wewe huwa unafungua hapa kila jioni?

— Kila jioni. Nalitazama lile neno mpaka liondoke.

— Hukuandika chochote? Naona ukurasa ni mtupu.

— Tulishakubaliana yeye aje. Nimwandikie nini?

— Sasa na wewe ukifungua hivyo, kule kwake linaandikwa neno hilo hilo. Chini ya jina lako.

— Linaandikwa nini?

— Hewani. Anakuona kama unavyomwona.

Mzee Pindo akatazama kioo upya.

— Basi ndiyo nauliza, alisema muuguzi. Yeye anayekuona uko hewani kila jioni, saa hii hii, na huandiki neno, anadhani unafanya nini?

Antena, ambaye hakuna swali aliloliacha lipite tangu kijiwe kianze, alitazama barabara. Hakimu alipekua kichwani apate kifungu, hakukuwa na kifungu. Bi Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Hakimu. Yakatoka matone mawili ya machicha, likakauka.

— Imekwisha, alisema.

Muuguzi aliaga, akaenda na begi lake. Alikuwa ameuliza tu, kama mtu anavyouliza njia.

Baada yake waliondoka mmoja mmoja. Antena alisema kuna redio ya mtu anaifuata. Hakimu alisema kesi imeahirishwa, akasubiri mtu acheke, akaondoka polepole. Bi Birika alipanga vikombe kwenye ndoo, akamwekea Mzee Pindo mkono begani kidogo, kama mtu anayeshika ukuta ili avuke shimo, akabeba vitu vyake.

Mzee Pindo alibaki mwisho wa benchi. Taa ya dukani ilikuwa inawaka nyuma yake na kivuli chake kilikuwa kimelala kwenye lami. Alikuwa anahesabu mambo kwa namna ya fundi, kwa kugeuza nguo upande wa ndani. Mahali fulani kuna kijana aliyerudi kazini, ameketi, amefungua simu. Kuna jina limeandikwa Baba. Chini yake, neno. Baba aliyesema nisimpigie, naona yuko hapo, simu mkononi, ananitazama, hasemi. Na kijana ni msikivu. Ameambiwa asipige, hapigi. Anangoja hapo, jioni baada ya jioni, mpaka neno la baba yake linaondoka, halafu naye anafunga.

Labda ni hivyo, au labda kijana anaongea na watu wengine na hana habari. Simu haikusema.

Alibofya mahali pa kuandika. Herufi zilipanda kutoka chini, nyingi, ndogo kuliko tundu la sindano, naye tundu la sindano hulipata gizani. Zilimkimbia. Aliandika, akafuta, akaandika. Hakutafuta maneno mengi. Alikuwa na amri moja ya kuiondoa, na ya kuiondoa ilikuwa fupi. Aliandika "Piga". Akaisoma. Akatafuta pale pa kutuma.

Kidole kilikuwa njiani neno lilipobadilika. Mahali palipokuwa na "hewani" palikuwa sasa na "anaandika".

Mzee Pindo akanyanyua kidole. Alifundishwa hivyo, na alimfundisha mtoto hivyo hivyo: mtu akianza kusema, mpishe amalize. Alikaa wima, mikono mbali na kioo, akampisha.

"Anaandika" lilikaa kidogo. Kisha likaondoka, "hewani" likarudi. Hakuna ujumbe ulioingia. Alingoja. Likatokea tena "anaandika", na tena likaondoka. Kama na yule wa kule alikuwa amemwona baba yake anaandika, akanyanyua kidole kumpisha, hakuna wa kulithibitisha hilo.

Neno "Piga" lilikuwa kwenye kisanduku chake, halijatumwa. Saa moja na robo usiku wote wawili walikuwa bado hewani.